Tokeni za shaba za Uingereza: karne ya 17, ya 18 au ya 19?

Anayeanza kukusanya tokeni za biashara za Uingereza hukuta makundi matatu sokoni, na kila muuzaji atamwapia kwamba lililo mezani kwake ndilo adimu. Hawasemi uongo. Ila uadimu wenyewe una sababu tofauti. Kuna tokeni iliyo adimu kwa kuwa wenzake wameozea ardhini, kuna iliyofanywa adimu makusudi ili iuzwe, na kuna ambayo ipo kwa maelfu lakini iliyo nzima huioni. Ukinunua ya pili ukidhani ni ya kwanza, umepigwa, hata kama katalogi imeiandikia R tatu, alama ya uadimu mkubwa.

Makundi yote yalizaliwa na shida moja: chenji. Serikali ilihangaikia dhahabu na fedha, ikaacha vipande vidogo vya kununulia mkate na bia viadimike au vichakachuliwe. Wenye maduka na viwanda wakaagiza vyao vya shaba, wakaandika majina yao na mahali pa kuvibadilisha. Sheria iliwafumbia macho, kisha ikawakataza, na hayo yalitokea mara mbili.

Makundi yenyewe kwa ufupi

Mfalme Charles I alikatwa kichwa Januari 1649, na robo peni zilizokuwa zikitolewa kwa idhini ya mfalme zikakosa mwenyewe. Nafasi hiyo ilijazwa na wauza vyakula, wenye vilabu vya pombe, watengeneza mishumaa, wauza vitambaa na hata halmashauri za miji. Tokeni za mwanzo kabisa zina mwaka 1648, na hapo usishtuke: kalenda ya Waingereza wa wakati ule ilianza mwaka mpya Machi 25, kwa hiyo Februari ambayo sisi tunaiita ya 1649, kwao ilikuwa bado 1648. Ziliendelea hadi 1672, Charles II alipotoa nusu peni na robo peni za shaba za serikali na kupiga marufuku za watu binafsi. Aina zinazojulikana zinapita 10,000.

Kundi la pili lilianza 1787 kisiwani Anglesey, Wales, ambako Kampuni ya Mgodi wa Parys, chini ya wakili aliyegeuka tajiri wa shaba, Thomas Williams, ilianza kutoa peni na nusu peni zake. Serikali haikuwa imegonga nusu peni mpya tangu 1775, na nyingi zilizokuwa mikononi mwa watu zilikuwa bandia. Mwaka uleule John Wilkinson, bwana wa viwanda vya chuma, alitoa zake zikiwa na sura yake mwenyewe, jambo ambalo hadi hapo lilizoeleka kwa wafalme. Kufikia katikati ya miaka ya 1790 karibu kila mji wenye soko ulikuwa na nusu peni yake. Mwaka 1797 Matthew Boulton alipewa kazi ya kugonga peni za serikali kwa mitambo ya mvuke huko Soho, Birmingham, na mbio hizo zikapoa.

Kundi la tatu ni la vita. Bei ya shaba ilipanda wakati wa vita na Napoleon, sarafu za Boulton zikayeyushwa au kufichwa, na kuanzia 1811 viwanda vikarudia mchezo uleule, safari hii zaidi kwa peni kuliko nusu peni. Bunge lilizikataza kwa sheria ya 1817, kuanzia Januari 1, 1818. Ni tokeni za nyumba ya maskini ya Birmingham na za wasimamizi wa maskini wa Sheffield tu zilizoongezewa muda, kwa kuwa maskini wengi walikuwa wamezishika na kuzifuta ghafla kungewaumiza wao kwanza.

Baada ya hapo kuna vipande vya ukubwa wa robo peni vya kutangazia maduka, vingi vya shaba ya njano, vilivyoendelea hadi enzi za Victoria. Ni uwanja mwingine, nauacha.

Adimu kwa maana ipi?

Hapa ndipo fedha za wanaoanza hupotelea.

Kwa karne ya 17, uadimu ni wa kweli na ni wa kawaida. Mwenye duka wa kijijini aliagiza kiasi kidogo cha kumtosha yeye na majirani. Tokeni ikamezwa na mashimo ya taka, mashamba na matope ya mto Thames. Aina nyingi zinajulikana kwa vipande vichache tu, na nyingine kwa kimoja. Lakini bei haifuati hesabu hiyo, kwa sababu anayeihitaji tokeni ya kijiji fulani cha Suffolk ni mtu anayekusanya Suffolk, na watu hao si wengi. Unaweza kununua kitu ambacho duniani vipo vitano kwa bei ndogo kuliko nusu peni ya 1794 iliyopo kwa mamia. Bei hupanda pale mahali panapokuwa na tokeni chache na wapenzi wengi, kama wilaya ndogo ya Rutland, au pale picha inapogusa watu wasio wa tokeni. Nyumba za kahawa za London ni mfano mzuri. Ile ya Exchange Alley yenye kichwa cha Sultani Murad na kilemba chake hugombewa na wa tokeni na wa historia ya kahawa kwa pamoja.

Karne ya 18 ni habari nyingine. Ndani ya miaka michache tokeni zilipendwa hata watu wakaanza kuzikusanya wakati zingali zikitumika dukani. Sarah Sophia Banks, dada wa mwanasayansi Joseph Banks, alikusanya zake hivyo, na mkusanyo wake uko hadi leo katika British Museum na kwa Royal Mint. Watengenezaji waliiona fursa. Peter Kempson wa Birmingham alitoa mfululizo wa majengo ya miji, na Skidmore wa London akatoa makanisa. Hakuna aliyenunua mkate kwa vipande hivyo. Wengine walichukua muhuri (chuma cha kugongea) wa uso wa tokeni moja na muhuri wa mgongo wa nyingine wakavioanisha, wakapata "aina mpya" ambayo waligonga vipande vichache tu.

Mkali wa kuoanisha alikuwa Thomas Spence, mwanaharakati aliyetaka ardhi iwe mali ya wote, mwenye kibanda cha vitabu Little Turnstile, Holborn. Moja ya tokeni zake inatangaza kwamba alifungwa miezi 7 mwaka 1794 kwa tuhuma za uhaini. Nampenda Spence. Tokeni zake ni magazeti madogo ya shaba, na hasira iliyomo ni ya kweli. Lakini anayelipa mamia ya pauni kwa sababu uso wa Spence namba hii umeoana na mgongo namba ile ajue analipia uadimu uliotengenezwa mezani, tena na mtu aliyejua wazi kwamba wakusanyaji watarudi.

Kwa hiyo katika karne ya 18 kuna swali la kuuliza kabla ya bei: hii ilitumika dukani? Dalili ya kwanza ni jina la mfanyabiashara halisi na mahali halisi pa kulipwa. Ya pili ni uchakavu. Peni ya Parys iliyolainika usoni imefanya kazi, na kanisa la Skidmore linalong'aa halikutoka kabatini.

Karne ya 19 ina uadimu wa hali. Peni za 1811 na 1812 zilitumika kwa nguvu, zikapita mifukoni mwa wachimba migodi na wafanyakazi wa viwanda, kisha nyingi zikayeyushwa baada ya marufuku. Iliyochakaa ipo kila mnada. Iliyobaki na wekundu wake wa kiwandani ni ngumu kuipata, na soko bado halijaitendea haki kama linavyoitendea ile ya miaka ya 1790. Kuna adimu za wazi pia: nyumba ya maskini ya Birmingham ilitoa vipande vikubwa vya shaba vya peni 3 na vya peni 6, na hivyo vina bei ya kutisha.

Ukiishika mkononi

Robo peni ya 1660 ina ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, nyembamba, mara nyingi imepinda au kugongwa nje ya katikati. Kuzunguka ukingo limeandikwa jina la mtu na mji wake, kwa tahajia inayobadilika ovyo. Katikati upande mmoja kuna alama ya kazi: mkate wa sukari kwa muuza vyakula, mishumaa kwa mtengeneza mishumaa, au picha iliyoning'inizwa juu ya mlango wa klabu. Upande wa pili kuna herufi tatu zilizopangwa kama pembetatu. Ya juu ni ya jina la ukoo, na chini yake ni za mume na mke. Mke yumo kwenye fedha! Ni mara chache sana wanawake wa kawaida wa karne ile wanaacha alama ya maandishi namna hii, na wajane walioendesha maduka wapo kwa majina yao kamili. Kwa mtu anayependa kufuatilia watu kwenye daftari za kanisa na za kodi, hakuna kundi linaloshinda hili.

Peni ya Parys ni kitu cha kujaza kiganja, karibu wakia moja, yaani gramu 28. Uso wake ni kichwa cha mzee mwenye ndevu na kofia ya joho, kuhani wa kale wa Wales, ndani ya shada la mwaloni. Mgongoni herufi PMC zimefungamana, na kuzizunguka kuna ahadi ya kumlipa anayeileta peni moja. Geuza utazame ukingo: umeandikwa kwamba malipo ni London, Liverpool au Anglesey. Ilikuwa nzito kuliko shaba ya serikali, na ndiyo sababu watu waliiamini. Ipo kwa mamia ya tofauti ndogo ndogo, na wataalamu huzitambua kwa kuhesabu majani na matunda ya mwaloni kwenye lile shada. Kama kuhesabu matunda ya mwaloni kwa lenzi saa nne za usiku hakukuvutii, nunua moja nzuri uendelee na safari.

Kwa picha, karne ya 18 haina mpinzani. Nusu peni ya Coventry ya 1792 ina Lady Godiva uchi juu ya farasi, na nyuma yake tembo aliyebeba mnara. Pidcock, aliyeonyesha wanyama kwa kiingilio pale Exeter Change, London, alitoa zenye tembo na ng'ombe mwenye vichwa viwili. Na kuna ile ya kupinga utumwa: mtu mweusi amepiga goti, minyororo mikononi, akiuliza kama yeye si mtu na ndugu. Picha hiyo ilitokana na muhuri wa chama cha kukomesha biashara ya watumwa cha 1787. Mgongoni mikono miwili imeshikana, na maandishi yanaomba utumwa na uonevu vikome duniani kote. Msomaji kutoka pwani yetu hahitaji kuelezwa kwa nini kipande hicho kinagusa. Uzuri ni kwamba hakipo mbali na mfuko wa kawaida, kwa kuwa kiligongwa kwa wingi.

Za karne ya 19 ni za kazi zaidi: viwanda, mabomba ya moshi, simba, mizani, majengo ya maskini. Ile ya Birmingham inasema wazi kwamba tokeni 240 hubadilishwa kwa noti ya pauni moja. Watu huziona kavu. Mimi naona ndizo zinazoeleza vizuri zaidi namna mshahara wa kiwandani ulivyolipwa.

Na kwa wale wenye senti za Afrika Mashariki zenye tundu nyumbani: tafuta herufi ndogo H kwenye baadhi yake. Ni ya Heaton wa Birmingham, ambaye mwaka 1850 alinunua mashine za Soho za Boulton mnadani. Ukoo ni mmoja.

Vitabu, bei na vibweta

Karne ya 17 inasomwa kwa namba za katalogi ya Williamson, iliyotoka 1889 hadi 1891, na kwa kitabu cha Dickinson cha 1986 kinachotumia namba zilezile. Mkusanyo wa familia ya Norweb umechapwa kwa mabuku kadhaa yenye picha, na huo ndio wa kuthibitishia. Karne ya 18 ina kitabu cha Dalton na Hamer, kilichotoka kwa sehemu kati ya 1910 na 1918, na wauzaji wote huandika D&H na namba. Marekani huita kundi hili zima kwa jina la James Conder wa Ipswich, aliyetoa orodha yake 1798, hivyo ukitafuta mtandaoni tumia majina yote mawili. Karne ya 19 ina kitabu cha Davis cha 1904 na cha Withers cha 1999. Alama za uadimu za Dalton na Hamer ni za watu wa miaka mia iliyopita. Kuna R zilizogeuka kuwa za kawaida na za kawaida zilizotoweka. Linganisha na matokeo ya minada ya miaka ya karibuni, hasa ya Noonans pale Mayfair ambayo zamani iliitwa Dix Noonan Webb, na ambayo kumbukumbu zake zinasomeka bure.

Kwa bei, iliyochakaa ya kawaida katika makundi yote matatu hupatikana kwa pauni kumi na kitu hadi thelathini. Tofauti huanza juu ya hapo. Karne ya 18 ikiwa bora hupanda haraka, kwa kuwa Wamarekani wanashindana na Waingereza. Ya 17 haipandi kwa ubora kwa kiasi hicho, maana karibu hakuna iliyo bora. Usisahau kamisheni ya mnada juu ya bei iliyofikiwa, posta yenye bima, na ushuru wa forodha kama inakuja Nairobi au Dar es Salaam. Kwenye kipande cha pauni 20, gharama hizo zinaweza kuzidi kipande chenyewe. Nunua vitano kwa muuzaji mmoja.

Kuhusu vibweta vya plastiki vya NGC na PCGS, kampuni za Marekani zinazopima ubora wa sarafu na kuzifungia: kwa karne ya 19 na kwa za 18 zenye wekundu, vinasaidia kuuza tena Marekani. Kwa karne ya 17 ni kupoteza fedha. Na kwa karne ya 18 kwa jumla vina kasoro moja kubwa: vile vya zamani huficha ukingo. Nusu peni mbili zinaweza kufanana uso na mgongo, ukingo wa moja ukawa umeandikwa PAYABLE na jina la mji, wa nyingine ukawa mtupu, na bei zikatofautiana mara kumi. Kama ukingo hauonekani, mwombe muuzaji picha zilizopigwa kabla haujafungiwa. Akikosa, lipa bei ya aina ya kawaida.

Wanaoishi Uingereza wana njia nyingine ya karne ya 17, ya kuzitafuta wenyewe. Ukingoni mwa Thames kunahitaji kibali cha mamlaka ya bandari ya London, na shambani kunahitaji ruhusa ya mwenye shamba. Sheria ya hazina ya 1996 inahesabu tokeni kuwa sarafu, kwa hiyo 10 au zaidi za umri wa zaidi ya miaka 300 zikikutwa pamoja, unatakiwa kuripoti.

Shaba na hewa ya bahari

Usisugue. Si kwa ndimu, si kwa majivu, si kwa dawa ya meno. Shaba iliyosuguliwa hugeuka waridi usio wa asili, na mnunuzi mzoefu ataijua kwenye picha tu. Ute wa kijani unaotokana na mifuko laini ya plastiki hutolewa kwa asetoni safi, ambayo hailigusi shaba lenyewe. Udongo wa tokeni za karne ya 17 loweka kwa maji yaliyochemshwa yakatoneshwa, si ya bomba. Kwa anayekaa Mombasa, Tanga au Unguja, unyevu na chumvi ndiyo adui mkubwa: weka kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, uvikaushe au kuvibadilisha mara kwa mara. Za karne ya 17 zilizotoka ardhini zichunguze zaidi, maana kutu ya unga wa kijani kibichi huanza tena palepale ilipoachia.

Mimi ningechagua hivi

Mwenye mfuko mdogo na subira ya kusoma nyaraka achukue karne ya 17, tena achague wilaya au mji mmoja: mtaa mmoja wa London unatosha kumshughulisha miaka. Anayetaka kitu cha kumwonyesha mgeni achukue karne ya 18, ila ajifunge kwa zilizotumika kweli, na tokeni za kuoanisha za Spence awaachie wenye nacho. Anayenunua kwa jicho la bei ya kesho atazame peni za 1811 hadi 1813 zenye wekundu, akubali kungoja, maana kwa mwaka mzima huenda zikapita chache tu zinazostahili.

Kama unataka kimoja tu cha kujaribia, tafuta peni ya Parys iliyochakaa kiasi, isiyo na kibweta, yenye maandishi ya ukingoni yanayosomeka yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Omba picha nne za ukingo, moja kwa kila robo ya mzunguko. Muuzaji anayekataa kuzipiga, mwache na peni yake.